Kikomo cha "Bila Kikomo": Uhakiki wa Lugha ya Vifurushi vya Intaneti

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kisiwa cha Ukerewe alitueleza kisa ambacho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu, naye akapata kimoja. Kishikwambi hicho hakikuwa na laini ndani yake, kwa hiyo alikuwa akikiunganisha na simu yake ya mkononi, ambayo alikuwa ameilipia kifurushi cha mwezi kilichotangazwa kwa herufi kubwa kuwa ni cha "bila kikomo". Siku ya tisa kasi ilishuka, hata picha moja ya ramani ikawa inachukua dakika kadhaa kufunguka. Alipopiga simu kuuliza, aliambiwa mambo mawili: kwanza, kwamba amevuka "matumizi ya haki", pili, kwamba masharti hayaruhusu "kusambaza huduma". Mwalimu akatuuliza, "Ndugu zangu, mimi nimemsambazia nani? Simu ni yangu, kishikwambi nimekabidhiwa mimi, na fedha zimetoka mfukoni mwangu. Na hiyo haki niliyoivuka ni haki ya nani?"

Kampuni iliyohusika hatutaitaja, kwa sababu lugha iliyotumika si yake peke yake. Tumesoma matangazo na masharti ya kampuni kadhaa, mengine tukiyaona kwenye mabango ya mjini Mwanza kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, mengine kwenye simu zetu wenyewe, na tumekuta maneno ni yale yale. Kusudi letu ni kuyahakiki maneno hayo moja baada ya jingine, tukitazama yametoka wapi, yanaeleza nini, na yanaficha nini.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linastahili kurasa za jarida la istilahi. Sisi tunaona linastahili, na sababu yetu ni ya kisheria. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi na lugha ya kutolea haki mahakamani. Kabla ya hapo mtu aliweza kusema kuwa masharti ya Kiswahili ni kivuli tu cha yale ya Kiingereza, na kwamba palipo na utata tutazame ya Kiingereza. Sasa neno la Kiswahili lililoandikwa katika mkataba linaweza kusomwa na hakimu jinsi lilivyo. Mfasiri aliyekuwa akitafuta neno la kujazia nafasi ajue kwamba anaandika kifungu.

Tuanze na lile ambalo hatuna ugomvi nalo. "Kifurushi" ni istilahi nzuri sana. Ni neno la zamani, maana yake ni mzigo mdogo uliofungwa katika kitambaa, na limepokewa na watu wote bila kulazimishwa. Vijana husema "bando", nao hatuwalaumu. Maneno yote mawili yanaishi pamoja, moja katika matangazo na jingine mtaani. Lakini angalia picha iliyomo ndani ya neno hili. Mtu akinunua kifurushi huondoka nacho. Akifika nyumbani hukifungua, akala yeye, akawapa watoto, akampelekea jirani. Muuzaji hamfuati njiani kumwuliza anakula na nani. Picha hii ndiyo iliyomfanya mwalimu wetu ashangae, na hatuwezi kusema alikosea kuielewa lugha yake.

Hapo hapo, hata hivyo, kampuni hutumia kitenzi kinachokwenda kinyume na picha hiyo. Ujumbe unaoingia kwenye simu hausemi "umenunua kifurushi". Husema "umejiunga". Mtu hujiunga na chama, na ushirika, na jeshi. Hatujapata kusikia mtu aliyejiunga na furushi. Kitenzi hiki kimetokana na kufasiri neno la Kiingereza litumiwalo kwa mtu anayejiandikisha apate gazeti kila wiki. Ingekuwa ni kosa la mtindo tu tungelipita. Lakini anayenunua ana mali, na anayejiunga yuko chini ya kanuni za chama. Katika sentensi moja mteja ameuziwa kitu na papo hapo ameingizwa uanachama, na likitokea shauri kila upande utashika neno linaloufaa. Pendekezo letu ni kwamba palipo na malipo, kitenzi kiwe "kununua".

Sasa tuje kwenye "bila kikomo". Kikomo ni mahali pa kukomea. Jambo la "bila kikomo" kwa Mswahili wa kawaida ni jambo lisilokoma. Hata ziwa letu, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina ufuko pande zote, na hakuna mvuvi wa Kayenze au Igombe atakayesema halina kikomo. Lakini kifurushi cha siku thelathini kinaitwa hivyo.

Tatizo ni kwamba huduma ya intaneti ina vikomo vya namna tatu, na neno letu halisemi ni kipi kilichoondolewa. Kuna kikomo cha kiasi, yaani megabaiti au gigabaiti ngapi. Kuna kikomo cha muda, yaani saa, siku au mwezi. Kuna kikomo cha kasi, yaani data kiasi gani zinapita kwa sekunde moja. Kampuni ya Safaricom ya Kenya ilipoanza Oktoba 2019 kuuza vifurushi visivyoisha muda, ilichoondoa ni kikomo cha muda. Kiasi kilibaki pale pale. Kifurushi cha mwalimu wa Ukerewe ni kinyume chake: kikomo cha kiasi kiliondolewa katika tangazo, kikomo cha muda kikabaki, na kikomo cha kasi kikawekwa katika maandishi madogo, kikingoja siku ya tisa. Vitu viwili visivyofanana vinaweza kuitwa jina moja kwa sababu hatukuwa na uangalifu wa kuongeza neno moja tu. Tungeandika "bila kikomo cha kiasi" au "bila kikomo cha muda", mnunuzi angejua mara moja ni kikomo gani kilichobaki.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelipeleka jambo hili mahakamani. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilianza mwaka 2011 kupunguza kasi ya wateja waliokuwa wamelipia data bila kikomo, wengine wakiwa wametumia gigabaiti mbili tu kwa mwezi. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki, ikidai kuwa wateja zaidi ya milioni 3.5 walikuwa wamepunguziwa kasi, na kesi hiyo ilimalizika mwaka 2019 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 60. Kiini cha madai hayo kilikuwa neno moja.  Tume ilidai kwamba kasi ilipopunguzwa, kutumia ramani au kutazama picha za video kulikuwa kugumu mno. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza udanganyifu katika biashara. Msomaji afikirie mwenyewe wakili wa hapa kwetu angejenga hoja gani juu ya neno "kikomo" lisilofafanuliwa.

Hatusemi kwamba kampuni hazina sababu. Mnara wa simu hutumia masafa yenye upana maalumu, na simu zote zilizo katika eneo lake hugawana upana huo. Pale Mwaloni Kirumba asubuhi, wachuuzi wa dagaa na sangara wanapoulizana bei na kutumiana fedha, wote wanakunywa katika mtungi mmoja. Jioni hali huwa hiyo hiyo Malimbe, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hufungua kompyuta zao kwa wakati mmoja. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Mwanza na umeongeza uwezo mkubwa, lakini mkongo haumfikii mtu mkononi. Hatua ya mwisho kutoka mnara hadi simu bado ni ya mawimbi. Mtu mmoja akipakua filamu usiku na mchana, jirani zake huumia. Kwa hiyo kupima matumizi si dhuluma. Malalamiko yetu ni kwamba kipimo hicho hakikupewa jina lake.

Jina kilichopewa ni "matumizi ya haki". Katika istilahi zote tulizochunguza, hili ndilo baya kuliko yote, na hatuoni namna ya kulitetea. Mfasiri alikuta kivumishi cha Kiingereza chenye maana nyingi: haki, usawa, uungwana, kiasi cha kutosha, hata weupe wa ngozi. Akachukua maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Lakini "haki" katika Kiswahili ni neno zito. Tunalo katika mahakama, katika Katiba, katika mirathi, na katika dua. Mtu aliyevuka matumizi ya haki, kwa mantiki ya lugha yetu, ametumia kwa dhuluma. Amekula cha mwenzake. Mteja aliyelipa fedha zake anageuzwa mkosaji na sarufi, hata kabla hajajua kosa lake. Kingine ni kwamba maneno hayo hayana namba ndani yake. Mtu akiambiwa "umefikia gigabaiti 50" anaweza kubisha au kukubali. Akiambiwa "umevuka haki" atabisha nini?

Tumeona pia "matumizi ya busara" na "matumizi yanayofaa". Yote mawili ni afadhali, lakini yanahukumu vile vile. Kwa nini tusiseme tu "kiwango cha kasi kamili"? Maana yake: hapa ndipo kasi uliyoilipia inapoishia, na baada ya hapo utapata kasi ndogo. Tangazo lingesomeka hivi: "Kifurushi cha mwezi, bila kikomo cha kiasi, kiwango cha kasi kamili ni gigabaiti kadhaa." Istilahi hii haina utamu wa kibiashara, tunakiri. Lakini karani wa ofisi ya wilaya anayetakiwa kununua huduma kwa fedha za umma ataelewa ananunua nini, na mkaguzi wa hesabu ataelewa alichokinunua.

Tendo lenyewe la kushusha kasi nalo linahitaji jina. Mjini Mwanza tulipendekezewa "mgao wa kasi". Tulilipenda mara moja, kwa kuwa hakuna Mtanzania asiyejua mgao wa umeme au mgao wa maji, na neno lenyewe linafahamika mialoni, ambako mgao ni fungu la kila mtu baada ya samaki kuuzwa. Tulipolifikiria zaidi tuliliacha kwa shingo upande. Mgao wa umeme humpata kila mtu kwa zamu, mtaa huu leo na ule kesho. Kushushwa kasi humpata mtu mmoja aliyevuka kiwango, huku jirani yake akiendelea kama kawaida. Kuita tendo hilo mgao ni kuipa kampuni heshima ya mgawaji mwadilifu. Sisi tunashika "kubana kasi", na nomino yake "ubanaji wa kasi". Mtu hubana maji kwa kukaza koki, na aliyebana anajulikana.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya biti na baiti, maana wafasiri wengi huzichanganya. Kiasi cha data hupimwa kwa baiti. Kasi hupimwa kwa biti. Na baiti moja ni biti nane. Tuseme kasi imebanwa hadi kilobiti 512 kwa sekunde. Msomaji wa haraka huona "512" akadhani ni nusu megabaiti kila sekunde, na kwamba hali si mbaya. Kwa kweli ni kilobaiti 64 tu. Somo la video lenye megabaiti 100, ambalo kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde lingefika kwa sekunde 80, sasa litachukua dakika 26 hivi, yaani kipindi cha darasani kitakuwa kimekaribia kwisha. Tumeona tangazo moja lililoandika "megabaiti kwa sekunde" mahali ambapo hapana shaka ilikusudiwa megabiti. Herufi moja tu, lakini ahadi imezidishwa mara nane.

Tumefika sasa kwenye neno lililotusumbua zaidi, nalo ni lile la kuifanya simu moja iwapatie vifaa vingine mtandao. Kiingereza hulichukua neno lake kutoka malishoni: ni kumfunga mnyama kwa kamba kwenye kigingi. Msukuma anayefunga ndama wake angeielewa picha hiyo vizuri, ingawa angeuliza ni nani kati ya simu na kompyuta aliye kigingi. Katika simu nyingi zilizowekwa Kiswahili tunasoma "kusambaza mtandao". Kwa mfasiri wa programu, ambaye anataka tu mtumiaji abonyeze mahali panapofaa, neno hilo linatosha. Lakini limetoka kwenye kioo cha simu likaingia katika masharti ya huduma, na huko limekuwa hatari.

Kusambaza ni kueneza kwa watu wengi. Husambazwa magazeti, umeme, mbolea, uvumi. Msambazaji ni mtu wa biashara, mwenye ghala na gari. Masharti yanaposema "mteja haruhusiwi kusambaza huduma", mwanasheria aliyeandika asili yake huenda alikuwa akimfikiria mtu anayenunua intaneti kwa jina lake kisha akawauzia wapangaji ishirini kwa mwezi bila leseni. Jambo hilo lina sheria zake, na mdhibiti wetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiye mtoaji wa leseni. Lakini mwalimu anayekiunganisha kishikwambi na simu yake, mama anayempa mtoto wake mtandao jioni afanye zoezi, mganga wa zahanati anayetuma taarifa ya mwezi kwa kompyuta isiyo na laini: wote hawa, kwa neno lile lile lililo kwenye kioo cha simu zao, "wanasambaza". Simu inawaalika kubonyeza, na mkataba unawakataza, kwa neno moja.

Tunaona kuna matendo matatu hapa ambayo yamemezwa na neno moja. La kwanza ni kumpa mtu mwingine sehemu ya kifurushi chako ili kiingie kwenye laini yake. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotangazwa na Mamlaka hiyo mwaka 2021 zililigusa jambo hilo, pamoja na kumjulisha mtumiaji anapokuwa ametumia asilimia 75 na anapomaliza asilimia 100. Bei zilizoanza Aprili 2 mwaka huo zilizua malalamiko makubwa nchini na zikasitishwa, na katika kelele za bei wengi hatukuzisoma kanuni zenyewe. Tendo hili liitwe "kuhamisha". Afrika Kusini nayo iliruhusu uhamishaji wa namna hiyo kwa kanuni zilizoanza kutumika mapema mwaka 2019, ambazo zinataka mteja ajulishwe katika asilimia 50, 80 na 100. La pili ni kuuza, nalo liitwe "kuuza tena", bila kificho. La tatu ni lile la mwalimu wetu: laini ni ile ile, mlipaji ni yule yule, kilichozidi ni kifaa tu.

Kwa hilo la tatu tulipata mapendekezo kadhaa. Mvuvi mmoja wa dagaa, tuliyemkuta akikausha nyavu, alitusikiliza tukieleza kisha akasema, "Hiyo ni kukokota." Akatuonyesha kwa kidole mtumbwi wenye injini uliokuwa ukivuta mitumbwi mingine mitatu isiyo na injini kuipeleka kilindini. Simu ndiyo yenye injini, vifaa vingine vinafuata kwa kamba. Picha hiyo ina nguvu kuliko ile ya Kiingereza, na tungependa ibaki katika kumbukumbu za jarida hili. Hata hivyo tuliogopa kwamba mtumishi wa Songea au Pemba akiambiwa "washa ukokotaji" atasimama. Mtaani husemwa "niwashie hotspoti", "nirushie", "nigawie". Hili la mwisho ndilo tunalolipendekeza: "kugawia mtandao", na nomino "ugawiaji". Kiambishi kile cha kutendea ndicho kinachotuokoa. Kugawa peke yake ni jambo la jumla. Kugawia lazima kuwe na mtu au kitu kinachopewa, na humfanya mgawiaji abaki mwenye mali. Hakuna atakayesoma "mteja haruhusiwi kugawia vifaa vyake mtandao" bila kuuliza kwa nini. Masharti yaliyofichika ndani ya "kusambaza" yatalazimika kusemwa waziwazi.

Kwamba swali hilo la "kwa nini" lina uzito linaonekana katika mashauri ya nje. Mwaka 2012 kampuni ya Verizon ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 1.25 baada ya Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho kuchunguza kuzuiwa kwa programu zilizowawezesha wateja kugawia vifaa vyao mtandao bila ada ya ziada. Septemba 2, 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu tatu kuhusu huduma za kampuni mbili za simu nchini Ujerumani. Mojawapo ilihusu sharti lililosema kwamba data za programu fulani hazihesabiwi zikitumika kwenye simu yenyewe, lakini zinahesabiwa zikipitia simu kwenda kifaa kingine. Mahakama ilikuta kwamba mpango wenyewe unapingana na kanuni ya usawa wa data, na kwa hiyo sharti lililojengwa juu yake halina pa kusimama.

Watu wengi hutuuliza pia kampuni inajuaje kwamba mtu anagawia. Jibu ni la kiufundi lakini si gumu. Data husafiri katika pakiti ndogo ndogo, na kila pakiti hubeba hesabu ya hatua ilizobakiwa nazo kabla ya kutupwa, ili isizunguke milele ikipotea njia. Simu nyingi huanzia hesabu ya 64. Kila chombo kinachoipokea pakiti na kuipeleka mbele hupunguza moja. Pakiti iliyotoka kwenye simu yenyewe hufika ikiwa na 64. Iliyotoka kwenye kishikwambi ikapitia kwenye simu hufika na 63. Kwa tofauti hiyo ya moja mwalimu wa Ukerewe anaweza kujulikana. Hesabu hii nayo haina jina la Kiswahili linalokubalika. Wapo wanaosema "muda wa kuishi" kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, na ni kosa, kwa sababu haihesabu muda, inahesabu hatua. "Hatua baki" ingefaa, na walimu wa kompyuta watuambie kama inasemeka darasani.

Tumekwisha kutaja "hotspoti". Simu zilizowekwa Kiswahili hulitafsiri kuwa "mtandaopepe". Hapa tuna wasiwasi. "Pepe" ililetwa na "barua pepe", ikafaulu mno, na tangu hapo imebandikwa kwa kila kitu kisichoshikika. Wako wanaotumia "mtandao pepe" kwa ule mtandao wa faragha unaopitishwa ndani ya mtandao wa wote, ambao Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wanaoutumia wautolee taarifa kabla mwezi huo haujaisha. Fikiria mtumishi wa ofisi aliyesoma tangazo la namna hiyo, kisha akafungua simu yake akakuta imeandikwa "mtandaopepe" na kitufe cha kuwasha. Atadhani amevunja sheria kwa kumpa mwenzake intaneti mezani. Istilahi moja kwa vitu viwili, kimoja kikiwa na masharti ya kutolewa taarifa, ni jambo la kurekebisha mapema. Kwa upande wetu hatuoni aibu kubaki na "hotspoti" mpaka lipatikane neno jema zaidi. Wavuvi wa ziwa hili walipokea "karabai" kutoka kwa jina la kemikali iliyokuwa ikiwashwa katika taa za zamani. Kemikali ikaondoka, ikaja taa ya mafuta ya taa, ikaja balbu ya betri na ya jua, na karabai inaendelea kuvutia dagaa. Nalo "mwalo", ambalo pwani wangesema diko, limepanda kutoka ufukoni mpaka kwenye nyaraka za Serikali bila kamati yoyote kulisukuma.

Lililobaki ni ile sentensi inayosomwa redioni kwa pumzi moja mwishoni mwa kila tangazo: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Kigezo ni kipimo cha kulinganishia, fundi cherehani anacho, mtahini anacho. Mkataba wa simu hauna vigezo, una masharti tu. Neno la kwanza liliingizwa kwa sababu Kiingereza kina maneno mawili, na mfasiri akaona haya kutoa moja. Kitenzi nacho kimeachwa hewani: kuzingatiwa na nani? Lini? Anayeamriwa ni mteja au kampuni? "Masharti yapo, yasome kabla ya kununua" ni sentensi kamili, ina mtendaji, na haizidi pumzi moja.

Kuhusu "data", kama ni "data yangu" au "data zangu", tumepokea barua nyingi na hatutaanza ubishi huo katika toleo hili. Mapendekezo ya neno badala ya "hotspoti", pamoja na maoni juu ya "ugawiaji", "ubanaji wa kasi", "kiwango cha kasi kamili" na "hatua baki", yaletwe kwa Mhariri kabla ya toleo lijalo, na tunawaomba hasa walimu wa visiwani na watumishi wa zahanati za kando ya ziwa watuandikie maneno wanayoyatumia wenyewe, hata kama wanayaona ni ya mtaani.